Pikapu ya Kumpigia Mama Magoti

Kabla sijamfikia kaka yangu Ekisa, nianze na mama, kwa sababu pikapu ile ilikatwa kwa ajili yake. Wale wanaokaa kwenye kibanda changu wakinywa chai na kusema eti kijana alitaka gari la mashauo, la kujishusha na kujiinua mbele ya wasichana wa Malaba, hawajui wanachosema. Mmoja wao niliwahi kummwagia chai mapajani. Ilikuwa imepoa kidogo, kwa bahati yake.

Mama yetu, Petronilla, sukari ilimla mguu wa kulia. Waliukata chini ya goti hospitalini Busia, tukadhani yamekwisha. Kisha kidonda kikatokea kwenye kisigino cha mguu uliobaki. Daktari alituambia bila kuzunguka: kidonda kikisafishwa na kuangaliwa pale hospitali mara kwa mara, mguu utapona. Akikaa nyumbani, mguu utaenda, na mama ataenda nao.

Nyumba yetu iko nje kidogo ya Malaba, kando ya barabara ambapo malori hupanga foleni kungoja kuvuka kwenda Uganda. Kutoka hapo hadi Busia si mbali. Barabara haikuwa shida. Shida ilikuwa kumpandisha mama garini.

Gari lenyewe lilikuwa la papa, mzee Elungat. Papa aliendesha trela kutoka Mombasa hadi Kampala mpaka masikio yake yakakataa kazi. Alipoacha, akajinunulia pikapu kuukuu ya kubebea mahindi, yenye springi ndefu, imekaa juu kama imekanyaga kitu kibaya. Mtu mwenye miguu miwili alilazimika kujivuta ili aingie. Mama alikuwa anainuliwa. Wanaume wawili walimshika kwapani, wa tatu akamshika mapaja, wakahesabu, wakamrusha ndani kama gunia. Alikuwa anafumba macho mpaka mlango ufungwe.

Siku moja mvua ilikuwa imenyesha na papa akateleza. Mama akaponyoka, leso aliyojifunga ikabaki mikononi mwa watu, na aliyemdaka kabla hajafika chini alikuwa Makokha, mume wangu. Sasa, sisi Wateso, mkwe na mama mkwe hawapeani hata mkono. Hawali meza moja. Wakikutana njiani, mmoja anaingia kando. Na Makokha, ambaye ni Mluhya na kwao pia mambo ni yale yale, alikuwa amemshika mama yangu paja tupu mbele ya majirani na madereva wa foleni. Alifanya vizuri, asingemshika angevunjika. Lakini alikwenda akakaa nyuma ya jikoni, akaosha mikono kwa muda mrefu.

Wazee walikuja, mbuzi akachinjwa, maneno yakasemwa ya kusafisha. Mama hakuonja hata supu. Alipomaliza kusikiliza akasema, "Mwanaume hatanibeba tena. Mtanibeba nikiwa maiti, hapo sitajua."

Tulimsihi. Tulileta teksi ya chini, akauliza ni nani atamtoa kwenye kiti chake hadi kwenye ile teksi, na jibu likawa ni wale wale wanaume. Nikajaribu kumwinua peke yangu tukaanguka wote wawili kitandani, tukacheka, kisha yeye akalia. Mama ni kichwa ngumu, na mimi nimemrithi, kwa hiyo tuligombana sana. Kidonda kilianza kunuka. Kila asubuhi nilitoka kibandani kuja kukiosha kwa maji ya chumvi, na kila asubuhi kilikuwa kimepanda.

Ekisa alikuwa fundi wa breki za trela. Karakana hakuwa nayo, foleni ndiyo ilikuwa karakana yake. Alitembea na mfuko wa spana kutoka lori hadi lori, dereva akimwita analala chini yake hapo hapo kwenye lami na kufanya kazi huku wengine wakipiga honi. Alijua hewa ya breki kama mimi ninavyojua chai. Jioni moja alirudi nyumbani na kitu cheusi cha mpira, kinene, kimekunjamana, akakiweka mbele ya kiti cha mama.

"Nini hiyo?" mama akauliza.

"Puto ya hewa. Ilikuwa ya basi fulani ilianguka, wakauza kama skrapu. Nimepata nne." Akachuchumaa ili macho yao yawe sawa. "Mama, wewe umepigia watu magoti maisha yako yote. Umepigia papa, umepigia wageni, hadi padri wa watu umepigia. Sasa hii gari ya papa nitatoa springi yote, niweke hizi. Nikitoa hewa, inashuka mpaka chini. Inakupigia wewe magoti."

Kwetu mwanamke akimletea mumewe chakula hupiga magoti. Mama alikuwa akifanya hivyo hadi siku ile mguu ulipokatwa, na nadhani kutoweza tena kulimuuma kuliko kidonda. Alikiangalia kile kitu cha mpira.

"Gari inapiga magoti aje na haina goti?"

"Ngoja utaona. Kiti ya gari itakuwa sawa na hii kiti yako. Naweka ubao katikati, unajivuta mwenyewe na mikono. Hakuna mtu anakushika."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu, mama."

"Ukifanya hivyo," mama akasema, "nitaenda."

Basi hiyo ndiyo ilikuwa ahadi. Gari likishuka, mama anakwenda hospitali. Lisiposhuka, anabaki na mguu wake unaooza.

Ekisa alifanyia kazi uani, kati ya ghala la mahindi na jikoni, saa ambazo foleni ilikuwa imelegea. Springi zilitoka. Alikata chesi, ule uti wa chuma unaobeba gari zima, kwa grainda na kuichomelea upya ikiwa imeinama juu ya ekseli, ili tumbo la gari liweze kufika karibu na ardhi. Kitanda cha nyuma kilipoteza ubao wake. Tangi la hewa alilitoa kwenye trela lililokufa, akalifunga ubavuni, nyuma ya mlango wa dereva, na kiringi chake cha kuvuta ili maji yamwagike kikaning'inia chini. Kompresa ndogo ya umeme ilikaa chini ya kiti, inawaka ukigeuza ufunguo. Mipira ya hewa ilipita kila mahali, nikamwambia gari lake sasa lina matumbo.

Papa alirudi kutoka sokoni siku ile chesi ilipokatwa. Alisimama akaangalia nusu ya gari lake ikiwa juu ya magogo na nusu nyingine chini.

"Ulikata chesi?"

"Nimekata, papa. Nitachomelea, itakuwa na nguvu kushinda ya kwanza."

"Nimebeba mzigo miaka yote, sijawahi ona mtu anakata chesi ya gari mzima. Umeua gari."

"Papa, ni ya mama."

"Ni yangu," papa akasema, akaingia ndani.

Tangu hapo hakulitazama gari wala Ekisa. Alikigeuza kiti chake barazani kikaelekea barabarani, ua akaupa mgongo. Salamu ya Ekisa aliijibu kwa kukohoa. Nilimkasirikia sana papa siku zile. Nilimwona mzee mzima anayenunia chuma huku mke wake anaoza, na nilimwambia hivyo, kwa sauti, kwa sababu ukiongea na papa taratibu hasikii.

Kutwa alikaa akitazama malori, na alipochoka kukaa alikwenda kutembea kwenye foleni. Huko alikuwa na tabia moja ambayo madereva walimpendea. Trela lina tangi la hewa ya breki, na hewa iliyobanwa hutoa maji. Maji yakilala humo, tangi linaoza na breki zinakufa ukiwa mteremkoni. Kwa hiyo dereva mwenye akili, akisimamisha gari, huinama na kuvuta kile kiringi chini ya tangi, hewa itoke kwa kelele na kusukuma maji yote nje. Papa alifanya hivyo maisha yake yote. Kwenye foleni alikuwa akipita na kuyavutia hata malori ya watu asiowajua, Wasomali, Waganda, Wanyarwanda, bila kuombwa. Wengine walimwita mzee wa maji. Kwenye trela hilo ni jambo la wema mtupu. Hewa ikiisha, hakuna kinachoanguka. Breki hujifunga zenyewe na lori linakaa kama nyumba.

Gari lilishuka mara ya kwanza siku ya Alhamisi. Ekisa aligeuza bomba dogo karibu na usukani, likatoa pumzi ndefu, na ile pikapu iliyokuwa juu kama ghala ikaenda chini polepole, mbele kwanza, halafu nyuma, mpaka tumbo lake likabaki kiasi cha kupitisha kiganja. Tulisukuma kiti cha mama hadi mlangoni. Ekisa akaweka ubao aliokuwa ameusugua mpaka ukateleza. Mama akaushika, akajivuta kwa ile mikono yake iliyolima miaka yote, na akawa ameketi ndani ya gari. Hakuna aliyemgusa. Alikaa pale ameshika mapaja yake na kucheka peke yake, nami nikaingia jikoni nikalie huko.

"Jumatatu," akasema. "Jumatatu ni kliniki. Nitaenda."

Lakini asubuhi ya Ijumaa tulilikuta gari limeinamia upande mmoja. Kulikuwa na mahali hewa inavuja. Ekisa alikataa kabisa kumpeleka mama hivyo. Alisema gari likija kupiga magoti Busia mbele ya hospitali na kukataa kuinuka, mama atabebwa na wanaume wa mji mzima, na hapo hatatusamehe hata akifa. Alitaka kuipata hiyo sehemu kabla ya Jumatatu.

Jumamosi, adhuhuri, alijaza hewa hadi gari likasimama juu. Akafungua mabomba yote, hewa ya tangi na ya maputo ikawa moja, ili popote panapovuja pajionyeshe. Akazima kompresa apate kusikia, akatia ufunguo mfukoni. Akachukua kopo la povu la sabuni na spana. Kisha akaweka mawe mbele na nyuma ya magurudumu, akalala chali, akaingia chini kutoka upande wa jikoni.

Mawe yale ndiyo huniamsha. Kila fundi wa foleni huweka mawe kwenye magurudumu kabla ya kuingia chini ya lori, kwa sababu kinachoua watu pale ni lori kusogea. Ekisa aliweka mawe kama kila siku ya maisha yake, akatosheka. Magogo yaliyokuwa yakishikilia gari alipokata chesi yalikuwa pale pale karibu na ghala. Gari lile lilikuwa haliwezi kusogea hata kidogo. Lilichoweza kufanya kilikuwa ni kushuka tu.

Nilikuwa jikoni nikichemsha maji ya kidonda. Mama alikuwa barazani kwenye kiti chake, ametazama uani. Papa alirudi kutoka kwenye foleni, na badala ya kwenda kwenye kiti chake akaja moja kwa moja kwenye gari. Nilimwona kupitia mlango wa jikoni. Alisimama ubavuni, upande wa dereva, na kwa mara ya kwanza tangu litolewe springi akaliwekea mkono. Akapitisha kiganja mlangoni. Akachungulia ndani kwenye kiti ambacho mama alikuwa ameketi. Nilifurahi. Naomba mjue kwamba nilifurahi, nikasema moyoni, afadhali mzee ameshuka.

Kisha akaona tangi. Akainama, akavuta kiringi.

Maji yalitoka kwanza, ya kutu, yakaruka kwenye viatu vyake, halafu hewa kwa kelele. Yeye alikaza kuvuta, ameangalia maji, anangoja itoke hewa kavu, kama barabara ilivyomfundisha. Hakuangalia gari. Gari halikuanguka. Lilishuka, polepole, mbele kwanza, halafu nyuma, vile vile Ekisa alivyotaka lishuke kwa ajili ya mama.

Mama ndiye aliyekuwa ameona yote. Alipiga kelele, "Papa Ekisa, wacha! Mtoto yuko chini! Wacha!" Papa akageuza uso kidogo, akamwona mkewe anapunga mikono, na akainua mkono wake wa kushoto kumjibu. Alidhani anashukuriwa. Wa kulia ulikuwa bado kwenye kiringi.

Nilisikia spana ikigonga chuma kutoka ndani. Iligonga haraka haraka, kisha mara moja, kisha basi.

Papa aliniambia baadaye kwamba aliihisi ile spana mkononi, kupitia chuma, na akafikiri ni chesi inajikaza. Nilipomfikia na kumsukuma, maji yalikuwa yamekwisha. Mama alikuwa amejitupa kutoka kwenye kiti na anatambaa uani kwa viwiko, kidonda kikiburutwa kwenye changarawe, akiita jina la Ekisa.

Kompresa haikuwa na ufunguo. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwake, chini. Nilikimbia barabarani nikapiga mayowe na madereva wakaruka kutoka kwenye malori yao, wengine na jeki za tani ishirini mkononi. Hakuna jeki iliyoingia. Tumbo la gari lilikuwa karibu mno na ardhi, na karibu na ardhi ndiko Ekisa alikuwa ametafuta kufika wiki zote zile. Mwishowe walilizunguka, Makokha akiwa miongoni mwao, wakahesabu, wakaliinua kwa mikono. Mwingine akamvuta. Povu la sabuni lilikuwa bado kwenye vidole vyake.

Tulimzika nyuma ya ghala. Sitaeleza mazishi. Papa alikaa kwenye kiti chake kinachotazama barabara na hakuna lori alilolitazama. Watu hawakujua wampe pole vipi, wengine walimpita. Mama hakumwambia neno, na hakumwambia mtu mwingine yeyote neno. Jumatatu ya kliniki ilipita. Nilikiosha kidonda akaniachia mguu kama si wake.

Baada ya mazishi ndugu za papa walikaa uani kujadili gari. Walisema chuma kilichomwaga damu ya nyumbani hakikai nyumbani. Walitaka liitwe lori la skrapu lilibebe siku hiyo hiyo. Mimi nilikubaliana nao. Mimi ningelichoma moto. Papa alitikisa kichwa kuitikia kila walichosema, hata wasipokuwa wakimuuliza yeye.

Ndipo mama akaongea, kutoka mlangoni, kwa sauti ambayo hata yeye papa aliisikia.

"Elungat."

Kwa miaka yote ya ndoa yao sikuwahi kumsikia mama akitaja jina la papa. Mwanamke wa kwetu hataji. Alikuwa ni Papa Ekisa, basi.

"Elungat, maliza hiyo gari."

"Mama Ekisa..."

"Mtoto wangu alisema sitabebwa. Maliza. Nataka kwenda hospitali."

Ndugu zake wakaondoka wakinung'unika kwamba huzuni imempanda kichwani. Labda. Lakini asubuhi papa alivaa ovaroli ya Ekisa, iliyokuwa ikimbana mabegani, akavingirisha yale magogo kutoka kwenye ghala na kuyasukuma chini ya chesi, yote, moja baada ya lingine. Akapaka povu. Pahali palipovuja palikuwa kwenye kiungo cha puto la nyuma, upande wa jikoni, shimo ambalo sindano ingeliziba. Aliliziba. Kisha akashika msumeno wa chuma na kukikata kile kiringi cha tangi, akachomelea chuma juu yake. Nilimwambia tangi litaoza.

"Ioze," akasema.

Sasa tunakwenda Busia kila siku ya kliniki. Daktari alikata vidole viwili kwa ajili ya zile siku tulizochelewa, lakini mguu upo, na kidonda kinafunga. Makokha anaendesha, kwa sababu papa alisema hatashika usukani tena. Mama anakaa mbele, mimi katikati kati yake na mkwe wake, na hawaongei, kama inavyotakiwa.

Ila kushusha gari hakuna mwingine anayeruhusiwa. Papa hutoka barazani. Mama huwa tayari kwenye kiti chake, mlango uko wazi, ubao uko mapajani. Papa hupiga magoti mbele yake, kwanza goti moja, kisha la pili, na mgongo wake wa udereva unamuuma, tunaona. Halafu hulala kifudifudi kwenye vumbi, shavu chini, akaangalia chini ya gari kutoka upande huu wa jikoni, alikoingilia Ekisa. Huinuka, huzunguka hadi upande wa dereva, hulala tena, huangalia. Mara nyingine huingiza mkono na kupapasa.

Mama humngoja. Akirudi, humuuliza kwa sauti kubwa ili asikie.

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu," papa hujibu.

Hapo ndipo hufungua bomba, na gari hushuka.